Mliofanyiwa operesheni ya taya mlitoboaje? Tupeane uzoefu

Droo
Wakuu salaam, naandika saa nane usiku usingizi umegoma. Leo siku ya sita tangu nifanyiwe operesheni ya taya zote mbili, juu na chini. La chini lilikuwa limetokeza mbele toka utotoni, shuleni wakaniita Droo, kama droo ambayo mtu kaisahau wazi, jina likabaki mpaka leo na nyie mnaliona hapo juu. Nimevaa vyuma vya meno mwaka mmoja na nusu kwanza, ndo wakakata mfupa wakausogeza wakafunga na vibati vya titani na skrubu, na sasa hivi meno ya juu na chini yameshikwa na raba ndogondogo.

Nimeegemea mito mitatu, uso umevimba kama andazi, ganzi imeanzia mdomo wa chini mpaka kidevuni. Uji unamwagika sina habari mpaka nione fulana imelowa. Simu imekataa kunitambua, naingiza namba. Jirani kaja kunipa pole, kwa vile siongei akaanza kuongea na mimi kwa sauti kubwa polepole kama vile ni kiziwi. Yote hayo nilivumilia, ila jana saa moja jioni nyumba ya nyuma wamekaanga vitunguu vya pilau. Wakuu, nililia. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mlitoboaje?

Chumvi Kidogo
Harufu ya vitunguu vya pilau ukiwa umefungwa mdomo. Umenimaliza.

mama_wawili
Pole sana kaka. Umenirudisha mbali. Mimi nilifanyiwa ya chini peke yake, mwanangu wa pili alikuwa na miezi saba. Kama hujafika siku ya kumi jiandae maana uvimbe ndo wa kwanza kuondoka halafu huzuni inaingia, hiyo hakuna aliyeniambia. Siku ya tatu nilikuwa na uso wa boga lakini nacheka na daktari, wiki ya pili uvimbe umepungua najiona kwenye kioo namwona mtu simjui, sio yule wa zamani sio yule niliyeahidiwa. Nikawa najifungia chooni nalia nawaza nimejiharibu kwa hela yangu mwenyewe. Mkubwa wangu alikuwa na miaka mitatu, alisimama mlangoni ananiangalia nikamwita kwa mkono akakimbia, akamuuliza dada wa kazi "mama yuko wapi?" Hapo ndo palikuwa chini kabisa, kuliko maumivu. Alichukua siku nne kunizoea.

Chakula nilikuwa nagawana na mdogo wake uji wa lishe, sufuria moja, yeye kikombe chake mimi bomba la sindano. Yeye akipewa kijiko anatema, mimi namuonea wivu anavyotema. Nilipungua kilo saba.

Kilichonisaidia: uji usipikwe na maji, pika na maziwa halafu saga na siagi ya karanga na parachichi, chuja. Mswaki wa mtoto mchanga. Mafuta ya mgando mdomoni kila saa kabla hujapasuka pembeni. Na ficha vioo mpaka wiki ya nne, sitanii.

Droo
Dada hiyo ya kioo ahsante. Nilidhani ni mimi tu.

Kijana wa Kariakoo
Tumia mrija mkuu, mkubwa ule wa juisi nzito. Utasahau shida.

Mla Mihogo
Usitumie mrija!! Mimi walinikataza, kule kunyonya kunavuta mshono. Bomba la sindano la mililita 60, unaweka kimpira mbele unapitisha pembeni mwa shavu mpaka nyuma, unasukuma taratibu.

Kijana wa Kariakoo
Nimetumia mrija toka siku ya tatu na niko hapa nabishana na wewe.

Mla Mihogo
Wewe ulivunjika taya kwa kugongana na mlango wa daladala ukafungwa waya, hukupasuliwa ndani ya mdomo. Tofautisha.

Kijana wa Kariakoo
Umejuaje ni mlango wa daladala?

Mla Mihogo
Umeshasimulia hiyo stori humu mara nne.

Mzee wa Hoja
Samahani nitawaudhi. Mungu kakuumba na taya lako, unakwenda kulikata kwa msumeno ili utoke vizuri kwenye picha, halafu unalia pilau. Zamani watu waliishi na sura zao wakaoa wakazaa.

Mla Mihogo
Mzee umewahi kuing'ata chapati ikakataa kukatika? Mimi kabla ya operesheni meno ya mbele hayakuwahi kukutana toka yaote. Nyama nilikuwa nachana na vidole, hindi la kuchoma naomba mtu anipukuchulie, miaka ishirini na sita. Unasema picha?

Mzee wa Hoja
Si ungevaa hivyo vyuma tu.

mama_wawili
Baba, vyuma vinasogeza meno, taya la mtu mzima havilisogezi. Mfupa ukishakomaa umekomaa. Angekuwa mtoto hapo sawa tungekaa tukabishana.

Mzee wa Hoja
Sawa. Kuhusu chapati sikulijua hilo. Nimenyamaza.

BodaMstaafu
Mnabishana mrija, ngojeni mimi niwape. Nilianguka na pikipiki Msamvu pale Morogoro, taya likavunjika sehemu mbili, nikafungwa waya wiki sita. Kule hospitali walinipa kikata waya kidogo wakaniambia vaa shingoni na kamba, lala nacho, oga nacho, ukitapika kata. Nikavaa kama mtoto wa chekechea na ufunguo. Wiki ya nne dada yangu ana sendofu. Nimevaa suti, nikajiangalia, lile dude linaning'inia juu ya tai, nikalivua nikaliacha kitandani, si ni masaa matatu tu.

Ukumbini wenzangu wanakula mimi nina supu ya kongoro iliyochujwa kwenye chupa ya maji. Nikaona isiwe tabu, nikaagiza bia na mrija. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ikagonga mlango ikakuta supu. Wakuu tumbo lilipopanda nikajua leo ndo leo. Meno yamefungwa, pua imeziba na mafua, kitu kinakuja juu. Nimesimama katikati ya keki na meza ya wazazi nawaonyesha watu mdomo wangu, wao wanadhani nataka kutuza, shangazi yangu akaanza kupiga vigelegele. DJ peke yake ndo aliona macho yangu. Akazima muziki akaruka spika akaja na plaizi yake ya kukatia nyaya, ina mkanda mweusi wa umeme kwenye mshikio, akaniinamisha akakata waya moja baada ya nyingine watu kimya kabisa. Nilitapika juu ya viatu vyake. Kesho yake nikarudi kufungwa upya, nikaongezewa wiki mbili, daktari hakunisemesha alikuwa anatikisa kichwa tu.

Kijana wa Kariakoo
Chai. Na tangawizi imo.

Chumvi Kidogo
Shangazi na vigelegele 😂😂😂 nimeamsha nyumba nzima

Mla Mihogo
Chai au si chai nataka kujua sendofu iliendelea?

BodaMstaafu
Iliendelea. DJ alipewa kitenge.

Nesi Mchovu
Mimi kazini nimeona karibu na hayo, msiite chai. Ila BodaMstaafu umewatisha watu. Mtu anayekula vimiminika tupu akitapika, matapishi ni maji, yanapita katikati ya meno na shavu. Cha kwanza inama mbele, kichwa chini, usilale chali kamwe. Kukata ni pale pumzi inapokwama. Na pombe ukiwa umefungwa mdomo na unameza dawa za maumivu, hiyo sitaki hata kuijadili.

Droo, wewe taya la juu limeguswa kwa hiyo usipenge kamasi hata pua izibe vipi, futa tu, na daktari wako ndo atakwambia lini uanze. Vidonge usisage hovyo, vingine havisagwi, omba ya maji.

Kijana wa Kariakoo
Uvimbe weka kitambaa cha moto utashuka.

Mla Mihogo
Siku mbili za mwanzo ni barafu. Moto ni baadaye. Na huyu ana ganzi, mimi nilijiunguza kidevu hivyohivyo sisikii kitu, mama ndo akasema mbona ngozi imekuwa nyekundu. Pima kwanza mkononi. Ganzi yenyewe ilikaa miezi minane, inaondoka kama sisimizi wanatembea, wakianza kutembea furahi.

mama_wawili
Sisimizi! Kweli kabisa. Mimi kuna kasehemu kadogo chini ya mdomo mpaka leo bado.

Chumvi Kidogo
Mazoezi ya kufungua mdomo mlifanyaje? Mdogo wangu katolewa waya juzi, kidole kimoja kinaingia kwa shida.

Mla Mihogo
Vijiti vya aiskrimu. Unavipanga katikati ya meno vingapi vinaingia, kila baada ya siku mbili tatu unaongeza kimoja, bila kulazimisha. Vidole vitatu vikisimama wima umefika. Mimi siku vilipoingia nilimpigia baba simu saa sita usiku.

BodaMstaafu
Mimi nilijaribu na andazi.

Mzee wa Hoja
Ikawaje?

BodaMstaafu
Mzee si umenyamaza?

Droo
Wakuu nimecheka nimeumia, raba moja imeruka imemgonga mke wangu shavuni, ndo akaamka akasoma uzi wote. Sasa katoka chumbani amerudi na plaizi ya gari, anasema italala chini ya mto.

Nesi Mchovu
Mwambie airudishe kwenye gari. Wewe una raba, mkasi mdogo unatosha. Na hiyo iliyoruka kesho kawaonyeshe wakuwekee nyingine.

Droo
Amekataa. Anasema kama iliwezekana sendofu itawezekana Mbagala.