EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 kwa kazi za video? Nipo Mwanza, hela ipo mkononi

mtoto_wa_nyegezi
Mwangaluka wakuu. Hela ya laptopu ninayo na wiki hii lazima nimalize, maana ikikaa itageuka ada au bati. Nimeona mbili kwenye duka la mitumba ya kompyuta mjini, mitaa ya Makoroboi: HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480. Zote i5 (prosesa, ule ubongo wa kompyuta), zote muuzaji anasema zimetoka Dubai na ziko "kama mpya". Duka la jirani kuna HP mpya ya inchi 15, bado ipo kwenye boksi na nailoni yake, bei haipishani sana. Nataka mashine ya kubebeka, ya medianuwai. Nichukue ipi?

jiwe_la_bismarck
Medianuwai ni neno la kwenye mtihani, kaka. Kuangalia muvi ni medianuwai, na kuediti harusi ya saa sita ni medianuwai. Unafanya kazi gani? Bajeti shilingi ngapi? RAM ngapi? Diski ni SSD au ile ya kuzunguka? Halafu "zote i5" hujatuambia kitu, i5 zipo tangu 2009. Namba kamili ndiyo inayosema.

dada_igoma
Na betri hujagusia kabisa. Ile ya kwenye boksi angalia ubavuni prosesa gani. Ikiwa Celeron N4020, prosesa dhaifu, na RAM 4, iache na nailoni yake.

mtoto_wa_nyegezi
Samahani wakuu. Kazi ni kwaya ya kanisani. Narekodi, naediti, napandisha YouTube. Jumapili jioni mpira na muvi na wenzangu geto. Bajeti laki saba, nikijibana laki saba na nusu. RAM 8 zote mbili. Prosesa sikuangalia ndani, ila stika ya i5 ipo. Ile mpya ni hiyohiyo Celeron, dada umejuaje?

dada_igoma
Kwa sababu nilishanunua. Ukifungua YouTube na WhatsApp kwa pamoja inabidi uende ukaoge kwanza.

fundi_kirumba
Mdogo wangu, stika inanunuliwa na kubandikwa, mimi mwenyewe nikitaka nakubandikia ya i9 kwenye friji. Washa mashine, bofya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, soma namba. Hizo modeli mbili watu wanadhani zote ni kizazi cha 8, lakini zilitoka pia na kizazi cha 7, i5-7300U, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ya 7 ina kori 2, yaani viini viwili vya kufanyia kazi. Ya 8, yaani i5-8250U au 8350U, ina kori 4. Kwenye kurenda video, yaani kuitoa ikiwa kamili baada ya kuediti, hapo ndipo usiku wako unapoamuliwa. Tena Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia bure tangu Oktoba 14, 2025.

Muuzaji akikwambia "i7 hii" mwambie hata i7-7500U ina kori 2 tu. Ukimya utakaofuata ndio bei ipungue.

mzee_wa_sengerema
Mimi T480 ninayo mwaka wa tatu, niseme ninayoyajua. Kazi zangu ni harusi, misiba na mikutano ya injili huku Sengerema.

Kibodi yake sijaona mfano. Mwili wa plastiki ngumu, imeanguka kutoka kwenye bodaboda ikapata mkwaruzo tu. Uzuri wake mkubwa ni betri mbili: moja ndani, nyingine inachomolewa kwa chini. Mwaka jana nilikuwa narenda video ya harusi ya mtoto wa jirani, umeme ukakata ikiwa asilimia 83. Betri ya nje ikaisha. Nikageuza mashine taratibu, nikachomoa, nikapachika nyingine niliyoichaji mchana, na mstari wa kijani ukaendelea kusogea kama hakuna kilichotokea. Betri ya ndani ndiyo iliyoshikilia hapo katikati. Mke wangu alikuwa anamulika tochi, hakuamini.

Ubaya: kioo. Zipo za nukta 1920 kwa 1080 na zipo za 1366 kwa 768. Hiyo ya pili rangi zimefifia, kitenge chekundu kinaonekana kama kimefuliwa mara arobaini. Spika ni za kuitia mtu chooni. Na video za 4K, zile zenye nukta nyingi zaidi, zinaikaba, mimi natengeneza kwanza nakala nyepesi, naediti kwa hizo, mwisho narenda kwa faili halisi. RAM niliongeza ikawa 16, ina nafasi mbili, kazi ya dakika kumi.

Kingine, inachajiwa kwa USB-C, na tundu hilo lilikuwa na tatizo la programu yake ya ndani mpaka linakufa kabisa. Lenovo walitoa rekebisho. Ukinunua tu, siku hiyohiyo weka.

mtoto_wa_nyegezi
Shikamoo mzee. Wabeja sana. Basi naelekea T480.

dada_igoma
Subiri kwanza. Mimi baada ya ile Celeron nilihamia 840 G5 na sijajuta. Ni nyembamba, nyepesi, mwili wa alumini, ukiingia nayo ofisini wanakupa kiti. Spika za Bang & Olufsen, mpira wenu wa Jumapili hamtahitaji redio. RAM nayo ina nafasi mbili. Kwa mtu wa kwaya anayesikiliza sauti ya tatu imekosea wapi, spika ni kitu.

mzee_wa_sengerema
Binti yangu, sauti ya tatu inasikilizwa kwa hedifoni. Na nikuulize, kadi ya kamera unaichomeka wapi kwenye hiyo EliteBook?

dada_igoma
Natumia kisomeo cha USB.

mzee_wa_sengerema
Ahaa. T480 ina tundu la SD ubavuni.

dada_igoma
Kisomeo ni elfu kumi, mzee wangu.

mzee_wa_sengerema
Na kinapotea kila mwezi, kwa hiyo ni elfu kumi kila mwezi.

capri_point_boy
Mnahangaika bure. Ongeza hela uchukue MacBook Air M1, ya Novemba 2020 na bado inazikimbiza hizo zote. Kwa video hakuna mjadala.

jiwe_la_bismarck
Kasema laki saba.

capri_point_boy
Ndiyo maana nimesema ongeza.

fundi_kirumba
M1 ni mashine, sikatai. Ila RAM imechomelewa, ukinunua ya 8 utazikwa na 8. Matundu mawili ya USB-C basi, tundu la kadi hamna. Na ikitoka mikononi mwa kampuni huko nje ikiwa bado imefungwa, mimi siwezi kukusaidia, usiniletee.

kijana_wa_mwaloni
Hapo kwenye kufungwa mmenigusa kidonda. Ngoja nisimulie, pengine dogo atapona.

Nilinunua kwa jamaa mmoja, wala si dukani, tulikutana stendi. Laptopu nzuri, i7, kioo cha kugusa, laki nane na nusu. Wiki tatu raha mustarehe. Nikapata kazi ya sendofu Nansio, nikavuka na mzigo wangu wote hadi Ukerewe, nikarekodi vizuri, na mama mkubwa wa bibi harusi akaniambia anataka vipande vioneshwe kesho yake kwenye projekta. Nikasema hakuna shida. Usiku mashine ikaanza kuganda. Nikawaza nimejaza takataka, nikahamishia video kwenye diski ya nje, nikairudisha Windows upya kama ilivyotoka kiwandani. Najiona mjanja.

Ikawaka. Ikaomba intaneti, nikaiwashia bando la simu. Ikazunguka, ikaja skrini nyeupe yenye nembo ya bluu na jina la kampuni ya nchi ya mbali: karibu, weka barua pepe yako ya kazi na nywila. Barua pepe ya kazi! Mimi kazi yangu ni hapa Mwaloni na kamera. Nikazima, nikawasha. Nembo ileile. Nikaipiga Windows nyingine kwa flashi ya mwalimu mmoja pale Nansio, ilipogusa intaneti tu, nembo ileile. Mpaka leo nikiiona ile rangi ya bluu natoka jasho.

Baadaye ndipo nikaeleweshwa: kampuni ilisajili mashine kwenye mfumo wake mtandaoni na haikuifuta wakati wa kuitupa, au iliibwa, Mungu anajua. Kufuta diski hakusaidii kwa sababu usajili hauko kwenye diski. Jamaa wa stendi simu haipatikani. Mama mkubwa nilimwonesha picha kwenye simu, akaniangalia, hakusema neno. Afadhali angesema.

Dogo: dukani hapo, kabla ya kutoa hata mia, mwambie muuzaji airudishe Windows upya mbele yako na aiunge intaneti kwa simu yako wewe. Atalalamika inachukua saa nzima. Mwambie utakaa.

jiwe_la_bismarck
Pole sana. Lakini hukusema ulivukaje kurudi na ile aibu.

kijana_wa_mwaloni
Kwa meli, nimekaa nyuma kabisa na magunia ya dagaa.

fundi_kirumba
Ushauri wake mzuri. Ongeza na huu wa betri: fungua sehemu ya amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakuwekea faili. Soma uwezo wa kuzaliwa nao na uwezo wa sasa. Ikishuka chini ya nusu, bei nayo ishuke.

capri_point_boy
Mmesahau moja, M1 haina feni. Wale vidudu vya ziwani hawaingii.

dada_igoma
Hapo sasa umeongea kweli. Mwezi ukiandama na wale wadudu wakitoka ziwani, sisi tunaofanya kazi usiku taa imewaka ni vita.

fundi_kirumba
Wiki iliyopita nimefungua moja ya kijana wa Kirumba hapa, analalamika inachemka na kuzima. Nikatoa kifuniko, nikachomoa feni. Kwenye yale mapezi ya shaba ya kupoozea kulikuwa na kitambaa, nasema kitambaa, kijivu, nene kama sponji ya kuoshea vyombo: vumbi na vidudu vimeshikana, mbawa zinaonekana moja moja. Nimekitoa kwa kibanio kikiwa kizima. Joto limeshuka palepale. Nyie mnaokaa karibu na maji, safisheni feni walau mara mbili kwa mwaka, na laptopu isikae chini ya taa dirisha likiwa wazi.

mtoto_wa_nyegezi
Mzee wa Sengerema, hiyo T480 yako naweza kuja kuiona nione ukubwa wake? Nipande kivuko cha Kamanga au nizungukie darajani?

mzee_wa_sengerema
Karibu. Pita darajani, Kigongo hadi Busisi kilomita 3 unateleza tu. Tangu lifunguliwe Juni 2025 nimesahau foleni ya kivuko.

jiwe_la_bismarck
Kama anaanzia mjini Kamanga ni karibu zaidi.

mzee_wa_sengerema
Karibu kwa ramani. Kivuko kikiondoka unakiangalia mgongo, ukaribu uko wapi?

jiwe_la_bismarck
Unakula samaki huku unasubiri. Darajani utakula nini?

kijana_wa_mwaloni
Yeye anatoka Nyegezi, daraja liko upande wake. Jiwe unabisha kwa mazoea.

mtoto_wa_nyegezi
Wakuu nimetoka dukani sasa hivi. Matokeo haya: T480 ni i5-8350U, safi. Ila kioo ni 1366 kwa 768, na betri ya nje ilizaliwa na 24,000 hivi, sasa inashika 9,000 na kidogo. EliteBook kioo chake kinang'aa, betri nzuri, lakini prosesa ni 7300U. Kurudisha Windows upya muuzaji kagoma, anasema mwenye kompyuta hayupo. Nikamuuliza si ni za dukani? Akanyamaza.

fundi_kirumba
Ondoka hapo.

mzee_wa_sengerema
T480 hiyo ingepungua hadi laki tano na nusu, kioo na betri vinabadilishika. Prosesa ya ile nyingine imechomelewa, haibadiliki. Lakini kwa muuzaji wa namna hiyo, hapana.

dada_igoma
Tafuta G5 nyingine yenye 8250U, zipo. Usikubali kitenge kifuliwe mara arobaini.

capri_point_boy
M1.

jiwe_la_bismarck
Dogo, kuna kitu hujasema tangu mwanzo. Kamera yako inarekodi nini, 4K au 1080? Na kadi yake ni SD kweli? Maana hawa wawili wamegombania tundu lote hili.

mtoto_wa_nyegezi
Kamera si yangu, ni ya mwalimu wa kwaya, na amehamishiwa Geita mwezi huu. Ndiyo nilikuwa nawaza labda nigawe hela, nichukue kamera kwanza.

dada_igoma
Yesu wangu.

kijana_wa_mwaloni
Kamera? Nina Canon hapa naiuza, haijawahi kulowa. Njoo Mwaloni asubuhi kabla jua halijawa kali.

jiwe_la_bismarck
Ina chaja yake?