Kadi za wanafunzi: aina hizi tatu zinatofautiana nini hasa, na ipi inaifaa shule yetu?

Mhasibu_Kampemba ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mhasibu wa shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Prefe wetu (mkuu wa shule) pamoja na kamati ya wazazi wamekubaliana kwamba mwaka wa masomo ujao kila mwanafunzi awe na kadi moja atakayoigusisha langoni, atakayonunulia chakula kantini, na itakayotuonyesha papo hapo kama minervali yake (ada ya shule) imelipwa.

Muuzaji ametuletea bei za aina tatu. Ya kwanza ni kadi ya kilohezi 125, nayo ni rahisi mno. Ya pili ni ya megahezi 13.56 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 1. Ya tatu ni ya megahezi hizohizo, ila anasema ina kichakataji na usimbaji wa AES (njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri), na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Nimezipanga zote juu ya meza na kwa macho sioni tofauti: ni plastiki nyeupe zenye ukubwa wa kadi ya benki, wala hazina kile kibati cha rangi ya dhahabu. Prefe anapendelea ya rahisi, na mzazi mmoja katika kamati anataka ya ghali kwa sababu tu ni ya ghali. Mimi nataka kujua tunalipia nini. Je, mwanafunzi mjanja anaweza kunakili kadi ya mwenzake? Na umeme ukikatika, jambo ambalo sina haja ya kuwasimulia watu wa mji huu, kantini itaendelea kuuza?

Fundi_Kamalondo amejibu:

Ndugu Mhasibu, ingia katika chumba chenye giza, washa tochi ya simu na uibandike nyuma ya kila kadi. Utaona waya mwembamba uliozungushwa ndani ya plastiki, na pembeni yake doa dogo, ambalo ndilo chipu. Kwa kawaida kadi ya kilohezi 125 ina duara la waya lenye mizunguko mingi sana, na zile za megahezi 13.56 zina mizunguko michache inayofuata ukingo wa kadi. Waya huo ni antena, na pia ndio unaoleta umeme. Kadi haina betri: kisomaji hutoa uga wa sumaku, na kadi ikisogea karibu, uga huo huzalisha umeme kidogo ndani ya waya, chipu ikaamka, ikajibu, kisha ikalala tena. Kadi zenye kibati hupata umeme kwa kuguswa moja kwa moja. Kila kipande cha kibati hicho kina kazi yake, kimoja kikipokea umeme wa volti 5, 3 au 1.8, kingine mapigo ya saa, kingine kikipitisha data, na mpangilio huo, uliowekwa katika kiwango cha ISO/IEC 7816, ni uleule kwenye kadi ya benki na kwenye kadi ya SIM iliyomo katika simu yako.

Bei inatofautiana kwa sababu ya kile ambacho chipu inaweza kufanya ikishaamka. Ile ya kilohezi 125, kama ni ya familia ya EM4100 inayouzwa kila mahali, inajua jambo moja tu: kutaja nambari yake. Haimuulizi anayeisoma ni nani, wala haina siri yoyote. Ni kama mtu anayebisha hodi na kujitambulisha kwa jina peke yake. Yeyote aliyelisikia jina hilo kesho atakuja kulitaja yeye. Kifaa cha kunakilia kinatoshea mfukoni na kazi yake ni ya sekunde chache.

Ya pili nadhani ni MIFARE Classic, au moja ya nakala zake nyingi. Kumbukumbu yake ya baiti 1,024 imegawanywa katika sekta 16, na kila sekta ina funguo mbili za biti 48. Kwa miaka mingi watu waliiamini, kwa kuwa namna yake ya kusimba ilifichwa na mtengenezaji. Mwishoni mwa mwaka 2007 na katika mwaka 2008, watafiti Wajerumani na wa Uholanzi waliifumbua. Kampuni ya NXP, inayoitengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia Chuo Kikuu cha Radboud kisichapishe matokeo hayo, na mahakama ya Uholanzi ikakataa. Wakati huo kadi ya Oyster ya usafiri wa London ilikuwa ya aina hiyohiyo, na baadaye ikahamishiwa kwenye chipu ya familia ya DESFire, yenye kichakataji na usimbaji wenye nguvu zaidi. Leo programu za kuifungua MIFARE Classic zinapatikana bure.

Ya tatu ni kompyuta kamili, ingawa ni ndogo kuliko punje ya mchele. Kisomaji hakiiombi nambari ya siri. Kinaipelekea nambari nasibu, yaani isiyotabirika, kadi inaichakata kwa ufunguo wake ambao hautoki nje kamwe, kisha inarudisha jibu. Aliyenasa mazungumzo hayo hana cha kutumia kesho, kwa maana kesho swali litakuwa jingine. Kama watoto watatembea na fedha, mimi nisingeshusha macho chini ya hiyo ya tatu.

Beji_ya_Mgodi amejibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu vyombo, ila hukumu yake inanisumbua kidogo. Nimesimamia malango ya mgodi kwa miaka, na kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na beji za kilohezi 125. Siku moja tulipolinganisha daftari la kisomaji na orodha ya watu wa likizo, tukakuta mtu aliyekuwa kwao Kasenga akisajiliwa kila usiku kwenye zamu. Nakala ya beji yake ilikuwa kwa mwenzake, na mshahara ulikuwa unaingia. Tatizo halikuwa kadi peke yake. Mlinzi alikuwa akisikia mlio wa kisomaji na kuinua kizuizi bila kumtazama mtu. Tulipoweka skrini ndogo inayoonyesha picha ya mwenye beji kila inapoguswa, mchezo uliisha hata kabla beji hazijabadilishwa.

Kwa hiyo, kwa lango la shule ambapo mlinzi anawajua watoto kwa sura, kadi ya rahisi si upuuzi. Kantini ndiyo inayobadilisha mambo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: msiitoboe kadi ili kuipitishia kamba ya shingoni. Nimeona idara nzima ya utumishi ikipitisha beji mpya kwenye mashine ya kutobolea karatasi, na asubuhi yake nyingi kati yake zikawa plastiki tupu kwa sababu waya wa antena ulikuwa umekatwa. Nunueni vifuko.

Mhasibu_Kampemba:

Nawashukuru sana. Tochi imefanya kazi. Duara la ile ya kwanza linaonekana wazi kabisa. Nimebaki na jambo moja linalonihusu mimi kama mhasibu. Muuzaji anasema salio la mwanafunzi litakaa ndani ya kadi yenyewe, na kwamba ndiyo sababu kantini haitahitaji mtandao. Moyo wangu unakataa kuweka fedha za wazazi mahali nisipoweza kupaona. Je, kadi za benki ndivyo zinavyofanya?

Dada_wa_Mifumo amejibu:

Moyo wako una akili, Ndugu Mhasibu. Nafanya kazi ya mifumo ya malipo, na nakuhakikishia kwamba ndani ya kadi yako ya benki hamna hata faranga moja. Fedha zipo katika daftari la benki, na kadi inathibitisha tu kwamba aliyesimama mbele ya mashine anayo kadi halisi na anajua nambari ya siri. Ule utepe mweusi wa nyuma unatoa maneno yaleyale kila siku, ndiyo maana wezi waliunakili kwa urahisi. Chipu, kwa kila malipo, inatengeneza saini mpya inayofungamana na kiasi cha fedha na hesabu ya miamala iliyokwisha kufanyika, na saini ya jana haikubaliki leo. Ufaransa, ambako Roland Moreno aliandikisha hataza yake ya kadi yenye chipu mwaka 1974, ilikamilisha kuweka chipu kwenye kadi zake za benki mwaka 1992, kabla ya Europay, Mastercard na Visa kukubaliana juu ya kiwango cha pamoja cha EMV.

Kadi ya SIM inafuata njia hiyohiyo tangu zile za kwanza za mwaka 1991. Mtandao unaipelekea nambari nasibu ya biti 128, nayo inajibu kwa ufunguo ambao nakala yake ipo kwa mtandao peke yake. Ndiyo maana ukipoteza simu unapewa SIM mpya yenye nambari ileile na pesa zako za simu unazikuta: hazikuwa ndani ya plastiki.

Ipo mifumo inayoweka salio ndani ya kadi, na mingine ni mizuri sana. Octopus ya Hong Kong imefanya hivyo tangu mwaka 1997, kwa kuwa lango la treni haliwezi kungoja seva ijibu. Lakini waliojenga mfumo huo wana watu wa kufuatilia kila tofauti ya hesabu usiku na mchana. Ukiweka salio ndani ya MIFARE Classic katika shule ya sekondari, mwanafunzi wa kidato cha mwisho anayependa kompyuta atahifadhi nakala ya data zote zilizomo ndani ya kadi yake siku yenye salio kubwa, atakula mpaka liishe, kisha atairudisha nakala ile ndani ya kadi.

Nawashauri salio likae katika daftari lenu ofisini. Kila asubuhi kisomaji cha kantini kipakue orodha ya wanafunzi na masalio yao, kifanye kazi kwa betri yake mchana kutwa bila mtandao, na jioni kirudishe mauzo. Wekeni kikomo cha matumizi ya siku, ili hata kadi iliyopotea isiwatie hasara kubwa kabla ya kufungwa. Hapo ile ya tatu inatosha vizuri, na kwa kweli mtalipia kichakataji mara moja tu.

Kabla ya yote, muulizeni muuzaji funguo zitakaa kwa nani. Mfumo uliojengwa vizuri una ufunguo mkuu mmoja, na kila kadi hupewa ufunguo wake unaotokana na huo pamoja na nambari ya kadi, hivi kwamba atakayeivunja kadi moja hajazivunja nyingine. Ufunguo mkuu wenyewe unahifadhiwa ndani ya kisomaji, katika chipu ya pekee iliyokatwa kwa ukubwa wa SIM. Nimeona kadi ghali zenye AES zikiwa bado na funguo za kiwandani, ambazo ni sufuri tupu mfululizo. Hapo mtu amelipa bei ya kufuli na kuuacha mlango wazi.

MwanaLushi_Kigali amejibu:

Nyongeza fupi kutoka huku Kigali, ambako tunaingia basi kwa kugusisha kadi iliyowekwa fedha kabla. Kinachowasumbua abiria ni kadi iliyosahauliwa nyumbani zaidi ya kadi iliyonakiliwa. Amueni mapema mtoto aliyeisahau atakula vipi, la sivyo siku ya kwanza tu mama wa kantini atarudi kwenye daftari lake la mkono.

Mhasibu_Kampemba:

Nimezijaribu kadi zote tatu kwa simu ya mwanangu yenye NFC (uwezo wa kusoma kadi za kugusisha). Ya kwanza haikuonekana kabisa. Ya pili simu iliitaja kuwa MIFARE Classic, kama Fundi alivyodhani, na ya tatu ikatajwa kuwa DESFire. Kisha nikampigia muuzaji kuhusu funguo. Amesema zitabaki kwake, "kwa usalama wa shule," na tukihitaji kadi mpya tumpigie yeye.

Dada_wa_Mifumo amejibu:

Basi msitie saini bado. Kadi ya DESFire ambayo funguo zake mnazo ninyi mnaweza kumpa muuzaji yeyote mwingine aiandae, na visomaji vingine vikaielewa. Ambayo hamna funguo zake ni yake hata baada ya kuilipia. Aandike katika mkataba kwamba ufunguo mkuu utatengenezwa mbele ya Prefe na mbele yako, katika vipande viwili, kila mmoja wenu akitunza kimoja ndani ya bahasha iliyofungwa. Akikataa, mwombeni bei ya kadi tupu na visomaji peke yake. Vijana wa Lubumbashi wanaoweza kuifanya kazi iliyobaki hawakosekani.