Vita vile vile, kimbilio lile lile, lakini maisha mbalimbali: ni nini kinachoamua?

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam alaikum ndugu zangu, na salamu kwa wasomaji wote. Ninafundisha katika shule moja huku Kisauni, na kuna jambo ambalo ningependa kulisikia kutoka kwa watu wanaoijua Mombasa tangu zamani. Mtaani kwetu wanaishi watu waliotoka Somalia baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991. Baadhi yao leo wana maduka, wamewasomesha watoto, wameoana na wenyeji, na mgeni hawezi kuwatenga na watu wengine wa mtaa. Wengine, ambao walikimbia vita vile vile na pengine wakashuka katika jahazi lile lile, bado wamebanana katika chumba kimoja cha kupanga na kila kukicha wanatafuta kibarua.

Jirani yangu mmoja ni mama anayekaanga viazi karai na bajia mlangoni pake. Binti yake, aliyezaliwa hapa hapa, ni miongoni mwa wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi darasani. Wakati wa kuandikisha watahiniwa ulipofika, kilitakiwa cheti cha kuzaliwa, na mama hakuwa nacho. Msichana anaendelea kuja, anaketi na wenzake, anafanya hesabu zote, ilhali jina lake halimo katika orodha ya mtihani. Mama naye hana kitambulisho, kwa hivyo malipo ya wateja huyapokea kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na kila shilingi anayoichuma hupitia kwanza mkononi mwa mtu mwingine.

Kazini wenzangu wanatofautiana. Wako wasemao kwamba watu hawa wanakwamishwa na mila zao, kwa kuwa hawapendi kuchanganyika. Wako wanaotaja umaskini waliokuja nao. Na wako wanaosema kwamba aliyeshuhudia vita hawezi tena kuinuka. Mimi maelezo yote matatu hayanitoshi. Ninyi mnaonaje?

Mzee wa Kuze

Waalaikum salaam, Mwalimu. Umeuliza jambo la maana, nami nitaeleza nililoliona hapa Mji wa Kale. Watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, walipoanza kufika 1991, wengi hawakufika kama wageni kabisa. Lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu, na ingawa mwanzoni masikio yetu yalihitaji kuizoea, haikuchukua muda watu wakawa wanaelewana. Isitoshe, Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, aliieneza tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, hadi Unguja na katika sehemu nyingi za mwambao, na kwa hivyo aliyetoka kule aliingia katika halka ya dhikri ya hapa akiwa anajua la kusoma na mahali pa kuketi. Mtu wa namna hiyo akipotelewa na kila kitu, hupata anayemdhamini kwa mali kauli, yaani bidhaa za kuuza kwanza na kulipia baadaye, hupata mchumba, hupata chumba bila kuulizwa kodi ya miezi mitatu.

Linganisha na Wazigua wa bonde la mto Juba. Mababu zao walipelekwa Somalia katika karne ya 19 kama watumwa kutoka pwani ya Tanzania ya leo, na huko waliishi wakidharauliwa. Vita vilipozuka waliporwa mavuno na mashamba, kwa sababu hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwatetea. Walipofika Kenya hawakuwa na jamaa wa kuwapokea mjini, wakaishia kambini. Kwa hiyo, Mwalimu, wanaosema ni mila hawajakosea kabisa, ila wanaiangalia kutoka upande mmoja tu. Mila ya mgeni haina uzito kuliko swali la kama mwenyeji anaitambua.

Bi Salma, Tononoka

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako nayakubali, lakini yanafika mlangoni tu. Nimefanya kazi ya kuwasaidia watu katika masuala ya vitambulisho kwa miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba kufanana kwa mila humfungulia mtu nyumba, hakumfungulii ofisi. Ushahidi wangu ni Wapemba.

Wapemba wameishi Kwale na Kilifi kwa vizazi kadhaa, wengine wakiwa wamekuja kuvua samaki, wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Lugha ni moja, dini ni moja, hata chakula ni kile kile. Kama mila ingekuwa ndiyo inayoamua, hakuna watu ambao wangestawi upesi kuliko wao. Lakini walikaa miongo yote hiyo bila kipande, yaani kitambulisho, na mvuvi asiye na kipande ni mtu wa kuvua kwa jina la mwingine, kuuza kwa bei ya mwingine na kukimbilia mikokoni akiona boti ya askari. Serikali iliwatambua kuwa raia mwaka 2023 tu. Wamakonde wa Kwale, wenye asili ya Msumbiji, nao walilazimika kuandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Na wale Wazigua aliowataja mzee, waliokimbilia Tanzania badala ya Kenya serikali ya huko iliwapa wengi wao ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia, wakaanza kulima. Waliobaki Kenya katika kambi za Dadaab na Kakuma, waliotoka vita vile vile, walikuwa wakisubiri mgao wa chakula hadi Marekani ilipoanza kuwachukua kuanzia 2003.

Ninasisitiza hili kwa sababu tunapenda kuuzungumzia umaskini wa mkimbizi kana kwamba aliuleta ndani ya mzigo wake. Hapa Mombasa zilikuwepo kambi, ile ya Utange ikiwa mojawapo, na watu walikuwa wameanza kushona, kupika na kuuza. Kambi zilipofungwa katika miaka ya 1990, wengi walihamishiwa Dadaab na Kakuma, mahali pakavu, mbali na soko lolote walilolijua. Aliyeanza kusimama aliketishwa tena chini. Desemba 2012 ilitolewa amri kwamba wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, na ingawa Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2013, hofu iliyobaki ilitosha kumfanya mama kama jirani yako aogope kwenda kwa chifu.

Kuhusu binti: sheria yetu ya usajili wa vizazi na vifo inataka kila mtoto aliyezaliwa nchini aandikishwe, awe mzazi ni raia au siye. Cheti hicho hakimpi uraia, lakini ni haki yake. Kuchelewa hakufuti haki hiyo, bali huongeza safari za ofisini. Anza na kadi ya kliniki ya mtoto, kisha barua ya chifu.

Mkaazi wa Likoni

Ningependa kuongeza upande wa mwenyeji, kwa sababu vita si vya Somalia peke yake. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, kisha wabara wakaanza kufukuzwa majumbani. Niliwaona majirani wakipakia magodoro na masufuria kwenye mikokoteni kuelekea feri, na wengine wakijazana katika uwanja wa kanisa Katoliki. Waliochochea walitumia uchungu wa kweli: tangu sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, familia nyingi za Pwani zimeishi kama maskwota juu ya ardhi ya mababu zao, na kijana asiye na shamba wala ajira ni rahisi kumwaminisha kwamba kikwazo ni jirani anayezungumza lugha nyingine.

Lakini hasara ilimpata nani? Wenye nyumba za Kiswahili walibaki na vyumba vitupu na hawakupata kodi. Watalii walipoacha kuja, waliopoteza kazi katika hoteli za kusini walikuwa ni vijana wetu wenyewe. Kwa hivyo, Bi Salma, nakubali kuhusu kipande, ila usisahau kwamba mwenyeji asiye na hati ya shamba lake ataona uchungu kumpokea mgeni, hata akiwa na moyo mwema.

Mwalimu wa Kisauni

Nawashukuru wote. Sasa naona kwamba mwenye nyumba anayempokelea yule mama pesa zake na chifu anayeogopwa ni sehemu za jibu moja. Nimezungumza na mama jioni hii. Kadi ya kliniki anayo, imechakaa lakini tarehe inasomeka. Hana mtu wa ukoo hapa Mombasa wa kumtolea ushahidi. Bi Salma, je, majirani wawili na barua ya shule vitakubaliwa? Tungependa kwenda kwa chifu Jumatatu asubuhi.