Seli T inajuaje hiki ni cha adui, na taarifa inaingiaje ndani?

mwanamaabara_2
Wakuu habari za jioni. Nasoma maabara mwaka wa pili, tumefika kwenye kinga ya mwili na kuna sehemu imenikwamisha kabisa. Tumeambiwa kipokezi cha seli T (aina ya seli nyeupe za kinga), ile TCR, kina minyororo miwili, alfa na beta, kazi yake kushika kipande cha antijeni (kitu kinachoamsha kinga) kilichobebwa kwenye HLA, zile protini za juu ya seli zinazoonesha vipande vya protini. Hapo naelewa. Ila nikiangalia mchoro ile minyororo ikishavuka utando imeishia hapohapo, mkia mfupi hauna sehemu yoyote ya kufanyia kazi. Sasa taarifa inapitaje kwenda ndani? Na pili, HLA zimejaa juu ya seli na karibu zote zimebeba vipande vya protini zetu wenyewe, hicho kimoja cha kirusi seli T inakichomoaje humo wakati tunaambiwa mshiko wa TCR ni dhaifu kuliko wa kingamwili kwa mbali sana? Mwenye kujua anieleweshe taratibu, nataka kuelewa sio kukariri.

Mzee_wa_Mitoki
Mdogo wangu umeona vizuri, TCR yenyewe haipitishi kitu. Haitembei peke yake, iko na kundi la CD3, yaani gamma, delta, epsiloni na zeta, hao ndo wenye mikia ya maana huku ndani. Kwenye mikia kuna sehemu zinaitwa ITAM, ziko 10 kwa kila kipokezi na 6 kati ya hizo ziko kwenye zeta, na kila ITAM ina tairosini (aina ya asidi amino) mbili zinazosubiri kubandikwa fosfeti, ambayo ni kama alama ya kuwashia.

Anayebandika ni Lck, kimeng'enya kilichojishikiza chini ya utando, na baadhi yake kiko kwenye mguu wa CD4 au CD8, protini zinazotofautisha aina mbili kuu za seli T. CD4 na CD8 zenyewe zinashika HLA ileile kwa pembeni, kwahiyo zinamsogeza Lck jirani na ITAM. Tairosini zote mbili zikipata fosfeti anakuja ZAP-70, kimeng'enya kingine, huyu ana vishikio viwili na anakaa imara pale tu vyote vikipata pa kushika. Lck anamwamsha, naye anaanza kubandika fosfeti kwenye LAT na SLP-76, protini zinazowakusanya wafanyakazi wengine. Ukitaka kujua uzito wa huyu ZAP-70, kuna watoto wanazaliwa yake ikiwa mbovu, waliripotiwa 1994, kwenye damu seli T za CD8 karibu hawana, za CD4 wanazo ila ukiziamsha kupitia TCR haziitiki, na bila kupandikizwa uboho maambukizi yanawaandama tangu wachanga.

Swali lako la pili ndo tamu zaidi. Kinachoamua ni muda. Kipande chetu wenyewe TCR inakigusa na kukiachia upesi mno, cha kirusi inakaa nacho sekunde kadhaa, na hizo hatua zote nilizotaja kila moja inakula muda wake, TCR ikiachia katikati fosfeti zinafutwa na kazi inaanza upya. Mtu akipiga hodi akaondoka kabla mwenye nyumba hajafika mlangoni hafunguliwi, hata apite kila siku. McKeithan aliiweka hoja hii kwa hesabu mwaka 1995. Na huo mshiko dhaifu usiuone kasoro, kipande kilichoachiwa kinaweza kushikwa na TCR nyingine na nyingine tena, ndo maana vipande visivyofika hata 10 vinaweza kuamsha seli nzima.

Kuna la CD45 pia, msilipite. Hiyo ni protini ndefu inayofuta fosfeti kwenye utando. Pale TCR na HLA zinaposhikana nafasi kati ya seli mbili ni kama nanomita 15 tu, CD45 haienei, inasukumwa pembeni, alaf Lck anabaki anabandika bila wa kumfutia.

dada_Zuu
Niendelee alipoishia mzee maana huko mbele ndiko dawa ya mdogo wangu inakofanyia kazi. LAT ikishabandikwa inakiita kimeng'enya PLC-gamma, kinakata mafuta ya utando yanayoitwa PIP2, unapata wajumbe wawili, IP3 na DAG. IP3 inafungua akiba ya kalsiamu ndani ya seli, akiba ikipungua protini STIM1 inahisi na kwenda kufungua Orai1, mlango wa kalsiamu kwenye utando, kalsiamu ya nje inamiminika. Hiyo inaamsha kimeng'enya kalsinurini, kalsinurini inaivua NFAT (protini ya kuwasha jeni) fosfeti zake, NFAT inaingia kwenye kiini kuwasha jeni la IL-2, ujumbe wa kuzifanya seli T ziongezeke. DAG inashika njia ya NF-kB na AP-1, wawashaji wengine wa jeni.

Sasa takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, ambayo ilipatikana kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba huko Japani mwaka 1984, inaikaba hiyo kalsinurini. Mdogo wangu amepandikizwa figo, anameza asubuhi na jioni. Siku ya kupima kiwango anaenda na dozi yake ya asubuhi kwenye mkoba, haimezi mpaka damu itolewe. Balungi hagusi kabisa kwa sababu linazuia kimeng'enya kinachovunja dawa, kiwango kinapanda kwenye damu na figo inaumia na dawa ileile inayoilinda.

mwanamaabara_2
Mzee shikamoo, dada Zuu asante sana na mdogo wako Mungu amlinde. Nimechora upya mchoro wote kuanzia Lck na sasa unakaa. Lakini kama kipande kidogo hivyo kinatosha, mbona CD8 haziui seli nyekundu zenye vimelea vya malaria?

Mzee_wa_Mitoki
Marahaba. Kwa sababu seli nyekundu iliyokomaa haina kiini na haitoi HLA ya kubebea kipande, kwahiyo kimelea yumo ndani ila TCR haina cha kushika. Huko kingamwili na wengu ndo wanabeba kazi. Nafasi ya CD8 iko kabla, kwenye ini, maana seli ya ini ina HLA kama kawaida, na vimelea vya falsiparamu (aina kali ya malaria) vinakaa humo karibu wiki nzima. Shida seli za ini zilizoambukizwa siku hizo ni chache mno, seli T lazima ziwe zimeshaandaliwa na ziwe nyingi ndo zizipate zote, na ikiponyoka hata moja maelfu ya vimelea wanamwagika kwenye damu.