Mtihani wa CWI: hii sehemu B naisomaje?

FundiBomba
Wakuu salaam. Mi ni fundi wa kuchomelea, mabomba na matanki, sasa mgongo umegoma nataka nihamie upande wa ukaguzi. Tangu lianze lile bomba la mafuta la Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443 za welding hizo, wenye vyeti ndo wanatafutwa. Nimeamua CWI, cheti cha mkaguzi wa welding cha Wamarekani. Sehemu tatu, A, B na C, kila moja lazima upate asilimia 72. A ni nadharia, hiyo nakomaa nayo, ila B sijaielewa, eti unapewa welding za plastiki upime?? Na kwenye C, ile ya kitabu cha kanuni, nichukue kitabu cha D1.1 au API 1104? Kiingereza changu ni cha kuombea maji kwahiyo mnielewe.

mzee_wa_geji
Mkuu B ndo inayokata mafundi wazuri, na sababu ni huo ufundi wenyewe. Ni kweli unapewa mfano wa plastiki, geji zako na kitabu cha vigezo. Sasa fundi akiona undakati (kile kimfereji kilichokula chuma pembeni ya welding) kidogo anasema aah hii saiti tunapitisha, anajaza inafaa, kumbe kitabu kimesema haifai. Pale hakuna anayekuuliza we unaonaje, pima, fungua ukurasa, linganisha, jibu. Fanya mazoezi ya inchi za desimali mpaka zitoke zenyewe, 1/32 ni 0.031, 1/16 ni 0.0625. Halafu fileti, ile welding ya kwenye kona, ikiwa imevimba unapima mguu (toka kona hadi ukingo wa welding), ikiwa imebonyea unapima koo (unene wa katikati), watu wanachanganya sana hapo.

Binti wa Vyuma
C chukua API 1104, ni ya welding za mabomba, maana mabomba ndo maisha yako, na kitabu chake chembamba ukilinganisha na D1.1. D1.1 ni ya miundo ya chuma, majengo na kadhalika. Ila usidanganyike na kuruhusiwa kufungua kitabu, muda unakwisha unapekua tu kama hujui jedwali liko wapi. Mfano undakati ya API: kina kikizidi 1/32 ya inchi au asilimia 12.5 ya unene wa bomba, hiyo imekwenda na maji, haijalishi urefu. Isipofika 1/64 wala asilimia 6, inapita. Katikati hapo ndo wanaangalia urefu na ndo maswali yanapotoka.

Kijana_Doha
Kabla hujatuma dola soma kwanza matangazo ya kazi unayoitaka. Huku Ghuba wengine wanataka CSWIP 3.1, cheti cha mkaguzi wa welding cha Waingereza, na ile inadumu miaka 5, CWI ni miaka 3 unahuisha. Na kapime macho mapema, unasoma herufi ndogo za saizi J2 kwa umbali wa inchi 12, miwani ruksa.

FundiBomba
Shukrani sana aisee. Swali la mwisho, alama za welding kwenye michoro, sisi chuoni tulifundishwa ule mstari wa nukta nukta, kwenye maswali ya CWI siuoni kabisa.

mzee_wa_geji
Huo ni wa ISO, viwango vya kimataifa. Wamarekani hawana, kwao alama ikikaa chini ya mstari ni upande wa mshale, ikikaa juu ni upande wa pili, basi. Na namba ya fileti kwao ni mguu, koo unapata kwa kuzidisha mguu mara 0.707. Chora mwenyewe kila siku hata kwenye karatasi ya maandazi.