Kemikali za plastiki na unene: kipi kimethibitika?

Kibaba:
Wakuu, inasemwa sana kwamba vyombo vya plastiki vinanenepesha kwa kuvuruga homoni. Hapo kipi kimethibitishwa na kipi ni maneno ya mtaani? Na mtu akiacha plastiki leo, kilo zitashuka?

Lishe_Kwanza:
Kwa hilo peke yake, hazishuki. Ushahidi ulio imara zaidi hata hautoki jikoni. Unatoka kwenye tributilitini, sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za meli ili viumbe wa baharini wasigande chini yake. Mwaka 2006 Felix Grün na Bruce Blumberg wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walionyesha kuwa panya wenye mimba wakipewa kemikali hiyo, watoto wao hulimbikiza mafuta zaidi. Inawasha kipokezi kiitwacho PPAR-gama, ambacho huiamuru seli changa igeuke kuwa seli ya mafuta. Ukipungua uzito, seli hizo husinyaa tu, haziondoki. Ndiyo maana mimba na utoto vinatia wasiwasi kuliko utu uzima.

Maabara7:
Kwa binadamu pana mtego. BPA, kemikali ya plastiki ngumu na ya utando wa ndani ya makopo ya chakula, karibu yote hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja, kwa hiyo kipimo kimoja cha mkojo hakikuelezi miaka kumi iliyopita. Tena anayekula sana vyakula vya kopo hupata BPA na kalori kwa pamoja, utajuaje kilichomnenepesha? PFAS, kemikali za kuzuia maji na mafuta yasishike, kama kwenye vikaango visivyogandisha, ni afadhali kuzichunguza, maana hukaa damuni miaka. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulikuta kwamba, kati ya watu waliokuwa wakila kwa mpango wa kupunguza uzito, wenye PFAS nyingi walipungua kama wenzao, ila baadaye walirudisha kilo nyingi zaidi, hasa wanawake.

Kibaba:
Nimewapata. Sasa jikoni nianzie wapi?

Lishe_Kwanza:
Anza na joto na mafuta, ndivyo vinavyovuta kemikali kutoka kwenye plastiki. Usifunike wali au ndizi kwa mfuko wa nailoni sufuria ikiwa motoni. Jani la mgomba au mfuniko wa bati uliopaliwa makaa unaivisha vilevile. Chai na uji vipoe kabla ya kutiwa kwenye plastiki. Angalia namba chini ya chombo: 3 ni PVC, 7 ni mchanganyiko na humo ndimo ilimo polikaboneti yenye BPA. Namba 5 ina nafuu. Chupa za maji, namba 1, hazina BPA lakini hazikutengenezwa kwa kitu cha moto. Chombo kilichokwaruzika sana, tupa.

Maabara7:
Na lebo ya "haina BPA" isikulaghai, mara nyingi imewekwa BPS, ndugu yake, nayo inagusa homoni. Halafu wanaopenda kutaja kwamba mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2023 ilishusha kiwango salama cha BPA mara 20,000, hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wajue msingi wa uamuzi ule ulikuwa madhara kwa kinga ya mwili, si unene.