Huduma ya tabia na afya ya akili ndani ya kliniki ya watoto: tuanzie wapi?

Muuguzi wa kisiwani, Lamu

Assalamu alaikum. Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo ya kaunti ya Lamu, na asubuhi zangu nyingi huishia kwenye kliniki ya watoto: kupima uzito, kuchanja na kujaza kijitabu cha mama na mtoto. Juma lililopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua. Mtoto akiwa bado ananing'inia kwenye mizani nilimwita jina lake mara tatu asigeuke, ilhali macho yake yalikuwa yakiufuata mshale wa mizani unavyocheza. Mama akaninong'oneza kwamba mtoto alikwisha kuanza kusema "maji" na "mama", kisha maneno yakapotea, na nyumbani wanasema ni jicho. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya rufaa, nikamwandikia. Lakini safari ni ya mashua, na msimu huu wa kusi bahari imechafuka. Kwa kweli sidhani kama amekwenda.

Swali langu ni hili: waliofaulu kuiweka huduma ya tabia, hisia na ukuaji wa akili ndani ya kliniki yenyewe ya watoto walianza na nini, na ni nani hasa huifanya kazi hiyo pale ambapo muuguzi ni mmoja na akina mama wamejaa hadi barazani?

Tabibu wa watoto, Malindi

Wa alaikum salaam, dada. Nianze na mtoto mwenyewe. Mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea haambiwi asubiri, hata kama uzito wake ni mzuri. Apimwe masikio kwanza, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa, kisha achunguzwe usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto na watu. Habari ya jicho usibishane nayo; mama akitaka kusomewa mwanawe asomewe, mradi na kwenu aje.

Kuhusu huduma yenyewe, nchini Marekani chama cha madaktari wa watoto kinapendekeza kila mtoto achunguzwe usonji akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24. Hojaji inayotumika sana ni M-CHAT, yenye maswali 20 ya ndiyo au hapana, ambayo mzazi anaweza kuyajibu akiwa bado anangoja zamu yake. Hata hivyo hojaji bila mtu wa kumpokea mtoto ni kumtia mzazi hofu bure, na hapo ndipo mipango mingi inapokwama. Kliniki zilizofanikiwa huko zimemweka mshauri wa tabia chini ya paa moja na daktari, hivi kwamba daktari akiona jambo humwongoza mzazi hadi chumba cha pili na kumkabidhi mkono kwa mkono siku hiyohiyo. Jimbo la Massachusetts nalo lilianzisha mwaka 2004 mpango wa simu: daktari wa watoto hupiga, bingwa wa akili za watoto humshauri, na mtoto huendelea kutunzwa na daktari wake.

Mimi naona hili la simu ndilo linalofaa visiwani kuliko yote, kwa sababu ushauri unavuka bahari bila mama kuvuka. Chumba cha mshauri tutakidai, na tuna haki, kwani sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao. Lakini simu unaweza kuipiga kesho. Omba pia mafunzo ya mhGAP, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa. Mwongozo wake una sehemu ya watoto na vijana.

Mama wa watoto wawili, Malindi

Naandika kama mzazi. Mwanangu wa kwanza alianza kifafa baada ya malaria iliyopanda kichwani, na wazee walisema ni nyuni, yaani pepo wa ndege anayedhaniwa kuwatia watoto degedege. Kituo kimoja kilinipa rufaa mara mbili na mara zote mbili sikwenda, kwa kuwa muuguzi alilitaja neno "akili" mbele ya foleni nzima na majirani zangu wamekaa pale. Karatasi ile niliikunja nikaificha ndani ya kanga hadi ikachakaa. Mara ya tatu nilikutana na muuguzi mwingine, ambaye alifunga mlango, akaniuliza kwanza, "Nawe mama, usiku unalala?" Nililia hadi nikashindwa kujibu. Kisha akanipeleka mwenyewe kwa tabibu, akasimama nami mpaka nikaandikiwa dawa. Tafadhalini, mnapopanga hojaji za watoto, mama naye aulizwe.

Mhudumu wa afya ya jamii, Lamu

Naongeza moja tu. Baada ya ile chanjo ya miezi 18 akina mama wengi hawarudi kliniki, na ndipo utundu uliopita kiasi, kutosema na kujikojolea kwa woga vinapoanza kuonekana. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto atimize miezi 59, basi siku hizo zitumike kuuliza kuhusu usemi na tabia. Tukipita nyumbani tunaweza kuuliza sisi. Walimu wa madrasa nao washirikishwe, kwa sababu wao humwona mtoto kila siku akiwa miongoni mwa wenzake.

Muuguzi wa kisiwani, Lamu

Nawashukuru nyote. Leo nimepiga simu hospitalini, nimepewa siku ya kupimwa masikio, na mhudumu wetu wa jamii amekubali kusafiri na mama yule bahari ikitulia. Nimejaribu pia baadhi ya maswali kwa akina mama watatu. Nilipouliza kama mtoto "huashiria kitu kinachomvutia" walinitazama tu; niliposema "hukuonyesha kitu kwa chanda chake ukatazama nawe", wote walijibu papo hapo. Aliye na hojaji iliyokwisha kutafsiriwa na kupimwa huku Pwani anijulishe, nisije nikayabuni maswali mwenyewe.